Neno la Nahodha: Mwongozo wa Kazi kwa Boti za Kuvua na Wageni

Mwongozo huu ni wa nahodha, baharia na mwenye boti anayetoa wageni kwenda kuvua kwa fimbo na mshipi katika mwambao wetu, kuanzia visiwa vya Lamu, Malindi na Watamu hadi Shimoni, Mkondo wa Pemba na Mafia. Haufundishi kumtafuta samaki. Hilo mabaharia wa pwani hii wamelirithi, na wanalijua kuliko kitabu chochote. Unahusu yale yanayoifanya safari iwe halali, iwe salama, na iwalipe kwa haki waliotokwa jasho.

Msingi wake ni huu: mgeni anayekodi boti analipia uamuzi wa nahodha. Fimbo anaweza kuja na yake, na mafuta anaweza kuyagharimia, lakini kujua kwamba mlango wa mwamba hautapitika alasiri ya leo ni elimu aliyonayo nahodha peke yake. Akiiweka kando kwa sababu mgeni amekasirika au mwenye boti amenuna, atakuwa amepokea fedha bila kutoa kilichonunuliwa.

Makubaliano kabla ya kung'oa nanga

Ugomvi mwingi wa boti hizi hauzuki baharini. Huzuka jioni, boti imeshafungwa na samaki wamelazwa gatini. Mgeni anataka jodari wote aliowavua, baharia amekwisha kuwahesabu kuwa sehemu ya kipato chake, na mwenye boti ameahidi kuwapeleka hotelini. Kila mmoja anaamini ana haki, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa vingine.

Kwa hiyo andikeni, hata kama ni ukurasa mmoja, na mgeni autie saini kabla ya kulipa. Karatasi hiyo iseme saa ya kutoka na ya kurudi, idadi ya watu, eneo litakalovuliwa, nani atalipia fimbo ikivunjika, na samaki ni wa nani. Boti nyingi zimeweka kanuni kwamba samaki ni wa chombo na mgeni hukatiwa kitoweo. Ni kanuni nzuri, mradi mgeni aijue mapema. Iseme pia kwamba nduwaro na sulisuli wataachiwa wakiwa hai, ili asije mtu akadai kulabu wakati samaki yuko ubavuni mwa boti na damu imechemka.

Kifungu kinachosahauliwa kuliko vyote ni cha hali ya hewa. Iandikwe wazi kwamba uamuzi wa kuahirisha ni wa nahodha, na kwamba amana ya mgeni itarudishwa au itahamishiwa siku nyingine. Baada ya hapo mwenye boti na wafanyakazi wake wakubaliane malipo ya siku iliyoahirishwa. Pendekezo langu ni nusu ya ujira wa siku kwa uchache. Mwenye boti asiyemlipa nahodha chochote siku ya upepo mkali anamsukuma atoke, hata kama mdomoni anamhimiza awe mwangalifu. Nahodha mwenye karo ya shule inayodaiwa hawezi kuitazama bahari kwa jicho huru ikiwa kubaki pwani ni kulala na njaa.

Upepo, mkondo na maji

Katika mwambao wa Kenya msimu wa boti za wageni kwa kawaida hufunguka Agosti, kusi ikianza kulegea, na huendelea hadi Machi, mwisho wa kaskazi. Kati ya Mei na Julai boti nyingi hupandishwa pwani kwa matengenezo, na ndivyo inavyofaa. Jodari hupatikana kwa wingi kuanzia Agosti hadi Oktoba, sulisuli hufuata kuelekea mwisho wa mwaka, na nduwaro huvuliwa zaidi katika miezi ya kaskazi. Mgeni anayeandika kuulizia safari ya Juni aambiwe ukweli huu, hata kama fedha yake inahitajika.

Mkondo wa bahari katika pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huongezeka nguvu sana. Huko juu, karibu na Lamu, katika miezi ya kaskazi hukutana na mkondo unaoshuka kutoka Somalia. Nahodha wa Watamu au Shimoni apige hesabu hii kabla ya kutoka: mkondo wa noti 3 ukiibeba boti iliyozimika mashine kwa saa 4, utakuwa umeipeleka maili 12 za baharini, karibu kilomita 22, mbali na mahali ambapo watu wa nyumbani wataanza kuitafuta. Ndiyo maana wakati wa kusi inafaa kuanza kuvua upande wa kusini wa mlango utakaorudia. Mashine ikileta matata, mkondo unakukaribisha nyumbani badala ya kukupitisha.

Kaskazi nayo ina hila yake. Upepo hutoka kaskazini huku mkondo ukipanda kuelekea huko huko, na vinapogongana, hasa katika Mkondo wa Pemba, wimbi huwa fupi, lililosimama wima, lenye kuvunjika. Upepo ule ule ambao ufukweni unapepea minazi tu unaweza kuijaza maji boti ndogo huko nje. Usiipime bahari kwa kusimama chini ya mnazi. Tazama mstari wa mwamba, uliza boti za usiku zinazoingia alfajiri, kisha linganisha na utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya au Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Wapo wanaosema vimbunga ni mambo ya Madagaska na Msumbiji. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na safari za boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Onyo likitolewa, hakuna mjadala.

Kuhusu maji kujaa na kupwa, manahodha wa hapa hawahitaji somo, ila wanahitaji kulioanisha na saa ya mgeni. Siku za bamvua tofauti ya maji huweza kukaribia mita 4, na katika sehemu kubwa ya pwani yetu maji hujaa takriban saa kumi, alfajiri na alasiri, yakapwa saa nne. Boti inayotoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa tisa itapata maji ya kutosha mlangoni. Mgeni akiugua na kutaka arudishwe saa nne, hali ni nyingine kabisa: mwamba uko juu, wimbi linapasuka, na nahodha hana budi kusubiri nje au kutafuta mlango mwingine. Mgeni alijue hilo kabla hajapanda. Siku za maji mafu saa hugeuka, na kupwa huangukia alasiri, ingawa tofauti ya maji ni ndogo.

Nahodha aweke kiwango chake kwenye karatasi akiwa ametulia, mbali na wageni: upepo wa noti ngapi na wimbi la mita ngapi ndipo haendi. Kwa boti ndogo yenye watu wasiozoea bahari, naona noti 20 zinatosha kuahirisha. Kiwango kilichoandikwa jana hakibembelezeki leo asubuhi.

Chombo

Kila boti inayobeba wageni ikaguliwe na kupewa cheti na mamlaka husika: Kenya ni Kenya Maritime Authority, Tanzania Bara ni TASAC, na Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Cheti cha nahodha na leseni za uvuvi wa michezo ziwe ndani ya boti, mahali pakavu. Nakala iliyobaki ofisini haina faida askari wa doria akipanda.

Jaketi za kuokolea ziwe sawa na idadi ya watu, na za watoto ziwe za kipimo cha watoto. Redio ya VHF ijaribiwe kila asubuhi katika chaneli 16 kwa kuwasiliana na boti jirani, maana taa ya redio kuwaka si ushahidi kwamba sauti inafika. Simu ya mkononi ni nyongeza tu, kwani mtandao hukatika mapema ukielekea kilindini. Kwa boti inayovuka kwenda kina kirefu, boya la dharura la setilaiti la masafa ya 406 MHz lihesabiwe kuwa kifaa cha lazima, hata pale ambapo mkaguzi hajaliuliza. Fashifashi za ishara zina tarehe ya kuisha. Isomeni.

Mafuta yagawanywe mafungu matatu: moja la kwenda na kuvua, moja la kurudi, na moja lisiguswe. Anayesema fungu la tatu ni hasara hajawahi kurudi dhidi ya mkondo akiwa na upepo wa mbele. Pampu ya kufua maji iwashwe na kusikilizwa kabla ya kutoka, na ndoo ya kufulia iwepo hata kama pampu ni mpya. Halafu aachiwe mtu wa pwani karatasi yenye idadi ya watu, eneo la kuvua na saa ya kurudi, na aelekezwe ampigie nani na baada ya muda gani ikiwa boti haijaonekana.

Maneno ya kumwambia mgeni

Dakika tano za maelezo zitolewe boti ikiwa bado imefungwa, kwa sababu mashine zikishawaka hakuna anayesikia. Usiulize kama wameelewa. Wavae jaketi mbele yako, wakuonyeshe zilipo, wakuonyeshe pa kushika boti ikiruka wimbi. Waambie hakuna kukaa omo wakati wa kupita mlango, hakuna kwenda tezi bila ruhusa samaki anapopiganwa, na pombe isubiri boti ifunge. Anayehofia kichefuchefu ameze dawa yake karibu saa moja kabla ya kutoka. Akishaanza kutapika, kidonge hakikai tumboni.

Swali moja liulizwe mapema, nalo ni kama mgeni anatafuta rekodi. Kanuni za IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo lililoanzishwa mwaka 1939, zinasema mtu mwingine akigusa fimbo au rili wakati samaki anapiganwa, samaki huyo hahesabiki. Baharia wetu ana moyo wa kusaidia, na mkono wake hukimbilia fimbo mara mgeni anapoyumba. Kwa mgeni wa kawaida huo ni wema. Kwa anayetafuta rekodi, ni kumharibia safari aliyoigharimia kutoka mbali. Mjue ni yupi kabla mshipi haujalia.

Ndani ya mahori na mikoko

Safari za maji ya ndani, katika mkono wa bahari wa Mida, mifereji ya mikoko ya Lamu, Funzi au delta ya Rufiji, huonekana nyepesi. Hakuna wimbi, boti ni ndogo, na mgeni anatupa chambo bandia kwa kolekole na mzia pembeni ya mizizi. Hatari zake zipo, ila huja taratibu.

Ya kwanza ni sheria. Hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na ndani yake kuvua kumekatazwa kabisa, iwe kwa fimbo, kwa nyavu au kwa mshipi wa mkono. Kisite ni hivyo hivyo. Mida iko katika eneo la akiba la Watamu, ambako kanuni ni tofauti na huulizwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kabla ya kumpokea mgeni. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, imegawanywa kanda, na kanda moja huruhusu kile ambacho nyingine inakataza. Mipaka yote iwekwe kwenye kifaa cha GPS. Mgeni hatashtakiwa peke yake. Nahodha ndiye aliyempeleka.

Ya pili ni maji kupwa. Hori linaweza kukauka mgeni akiwa amezama katika kumvizia samaki mmoja. Boti ikikwama topeni, watu wabaki ndani na wasubiri maji yarudi. Tope la mikoko linameza mguu hadi paja, na chaza walioshika mizizi hukata nyama hadi mfupani. Kwa hiyo maji ya kunywa na kivuli vibebwe vya kutosha saa 6 zaidi ya safari iliyopangwa.

Mgeni akitaka kushuka na kuvua kwa miguu katika fungu la mchanga, avae viatu vigumu na aburute nyayo badala ya kuzinyanyua, ili taa aliyejifukia apate kuondoka. Akichomwa na taa au samaki-jiwe, sehemu iliyochomwa itiwe katika maji ya moto kadiri awezavyo kustahimili, yasimbabue ngozi, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku safari ya hospitali ikiandaliwa. Joto hupunguza maumivu ya sumu hiyo kwa kiasi kikubwa, na chupa ya maji ya chai iliyoko ndani ya boti inatosha kuanza nayo. Baharia ayajaribu maji hayo kwa mkono wake mwenyewe kwanza, kwa sababu mguu wenye maumivu makali haupimi joto vizuri. Delta ya Rufiji ina mamba na viboko. Huko hakuna kushuka.

Samaki mkubwa kando ya boti

Sasa bahari kuu. Wakati wa kurambaza kazi huenda polepole: boti inakwenda noti 6 hadi 9, vyambo vinacheza nyuma, macho yanatafuta ndege na mabadiliko ya rangi ya maji. Kaskazini ya Malindi, mvua zikinyesha bara, mto Sabaki humwaga maji mekundu baharini, na sulisuli huwinda pale yanapokutana na maji ya buluu. Mstari huo huo hubeba magogo, kwa hiyo mtu mmoja aangalie mbele muda wote, hata kama kila mtu anatazama nyuma.

Ikitumika ndoana ya duara, ambayo napendekeza kwa kila chambo cha samaki halisi, mgeni asivute kwa nguvu samaki anapochukua. Amwache ageuke na kukimbia, kisha akaze taratibu, nayo ndoana itajishika kwenye pembe ya taya. Samaki aliyeshikwa hapo huachiwa bila jeraha la tumbo.

Hatari kubwa kwa baharia iko katika mita chache za mwisho, pale anaposhika waya au nailoni nene iliyotangulia ndoana. Hapo ndipo vidole hukatika, na ndipo watu huburutwa baharini. Baharia awe amevaa glavu nene kabla samaki hajaonekana. Avute mkono kwa mkono, na kama anauzungusha mshipi kiganjani ili apate nguvu, auzungushe kwa namna ambayo akifungua vidole unaachia wenyewe. Mzunguko unaojikaza juu ya mwingine ni kitanzi. Mshipi uliokwisha kuvutwa urushwe baharini nyuma ya boti, usiachwe ukajikunja miguuni, maana samaki akikimbia tena utakwenda na chochote kilichosimama ndani yake. Baharia wa pili asimame karibu na koleo la kukatia mkononi, wala lisiwe sandukuni. Nahodha aendelee kuisogeza boti mbele polepole, samaki akiwa upande anaouona. Kurudi nyuma kwa kasi ili kumfurahisha mgeni kumeingiza maji tezini kwa boti nyingi.

Mdomo wa samaki ushikwe kwa mikono miwili yenye glavu, vidole gumba vikielekeana, ncha yake ikiwa mbali na kifua na uso. Asipandishwe ndani. Picha ipigwe akiwa majini, mgeni ameinama ubavuni. Nduwaro wa kilo 150 akijipiga sakafuni atavunja miguu ya watu, na mwili wake, ambao maisha yake yote umebebwa na maji, huumia ndani kwa uzito wake mwenyewe.

Kama atatiwa alama, alama iingie katika msuli wa mgongo karibu na pezi, mbali na kichwa na mashavu. Kadi ijazwe pale pale: tarehe, mahali, aina, urefu uliokadiriwa, hali yake alipoachiwa. Watamu lipo shirika la African Billfish Foundation linalokusanya taarifa hizi, na kutokana nazo ndipo hujulikana samaki wa pwani yetu huenda wapi katika Bahari ya Hindi. Alama isiyo na kadi ni jeraha tu. Kisha ashikwe, kichwa kikielekea mbele, boti ikienda noti 2 hivi ili maji yapite mashavuni, hadi rangi irudi mwilini na mkia upige. Kazi hii huweza kuchukua muda mrefu kuliko mgeni anavyotarajia. Isikatizwe.

Barafu

Jodari, sehewa, nguru, fulusi na vibua wakikaa juani huanza kuzalisha histamini katika nyama. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa, na samaki huyo anaweza kunuka vizuri kabisa. Mlaji hupata uso mwekundu, kichwa kuuma, mdomo kuwasha na tumbo kuharisha, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Jodari hutoka majini akiwa na joto la mapigano juu ya joto la bahari yenyewe, ambayo kwetu hufika nyuzi 28 na zaidi, kwa hiyo muda ni mfupi. Apigwe, atolewe damu, matumbo na mashavu, azamishwe katika barafu iliyochanganywa na maji ya bahari. Hesabu ya kawaida katika nchi za joto ni kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Boti isiyo na barafu ya kutosha iache kuua samaki. Hakuna hoteli itakayosamehe, na nyumbani kitoweo hicho hulishwa watoto.

Wenzetu wa ngalawa na jarife

Boti ya wageni inapita juu ya shamba la watu. Kabla ya mapambazuko majarife bado yamo majini, yenye taa hafifu au maboya ya chupa, na ngalawa zinarambaza nguru kwa mikono kando ya mwamba. Kupita kati yao na fimbo sita zimetandazwa nyuma, kwa kuwa mashine ni kubwa na mgeni ana haraka, ni dhuluma. Pita mbali, upande ambao wimbi lako halitawafikia. Ukikata wavu wa mtu, simama, mjulishe, lipa, na uandike. Jambo hilo likifichwa hufika kwa kikundi cha usimamizi wa ufukwe kabla boti haijafunga, na baada ya hapo hakuna atakayekuuzia chambo wala kukuvuta siku mashine yako itakapokataa. Chambo hai kinunuliwe kwao kwa bei ya haki. Wao ndio watakaokuwa karibu nawe siku ya shida, muda mrefu kabla ya boti yoyote ya uokoaji.

Nyangumi hupita pwani hii kuanzia Julai hadi Oktoba hivi, na papa potwe huja Mafia miezi ya kaskazi. Vuta mishipi yote ndani unapowakaribia, na kaa umbali wa mita 100 kutoka kwa nyangumi.

Mambo yakiharibika

Mtu akianguka majini, aliyemwona amwelekezee kidole na asiondoe macho kwake hata kidogo, na nahodha atoe gia kabla ya kugeuka. Mashine ikizimika, shusha nanga kama kina kinaruhusu. Kama hakiruhusu, toa nanga ya kuelea ili omo ibaki inaelekea wimbi, na uite mapema, jua likiwa bado juu. Wito wa chaneli 16 ni Mayday mara tatu, jina la boti, mahali ulipo mara mbili, tatizo, na idadi ya watu. Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini, na Walinzi wa Pwani wa Kenya pia husikiliza. Boti ikipinduka na bado inaelea, kila mtu ashikamane nayo. Kuogelea kuelekea pwani inayoonekana karibu, katika mkondo wetu, kumeua watu hodari.

Ndoana ikiingia mwilini, kata mshipi na uifunge isitikisike. Iliyo karibu na jicho au shingo isiguswe hadi kwa daktari, na safari inaishia hapo.

Malipo na daftari

Bakshishi ni shukrani ya mgeni na isigeuzwe kuwa mshahara. Igawiwe mbele ya wote, kwa mafungu yaliyokubaliwa mwanzo wa msimu, na mpishi au kijana wa kuosha boti asisahauliwe.

Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 37, inamlinda kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa mwezi au zaidi. Hawezi kuendelea kuitwa kibarua wa siku msimu mzima. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri awe na bima kwa watu wake. Tanzania Bara upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaochangiwa na mwajiri. Baharia aulize kabla ya msimu kuanza kama jina lake limeandikishwa, na aonyeshwe. Mkono uliokatwa na waya ndio mtaji wote wa familia yake.

Madai yote hayo yanahitaji ushahidi, na ushahidi ni daftari la boti. Lijazwe kila siku kabla ya kuosha sakafu: saa ya kutoka na kurudi, upepo, waliokuwemo na kazi ya kila mmoja, mafuta yaliyotumika, samaki waliobakizwa na walioachiwa, jeraha lolote hata la ndoana ndogo, na siku zilizoahirishwa pamoja na sababu yake. Nahodha atie saini, baharia mmoja atie ya pili, na daftari lishuke na nahodha badala ya kulala ndani ya boti.